Kabla hujatuma yuro 3,000 Paris

Swali: "Shikamoo dada. Nipo Tanga, nimemaliza kidato cha sita, kombi ya EGM (uchumi, jiografia na hisabati), nimepata daraja la pili. Nataka kusoma uchumi Ufaransa. Mjomba wangu aliyesoma huko zamani anasema chuo ni bure. Lakini kuna wakala amenipatia nafasi kwenye shule moja ya Paris, kozi inaitwa 'Bachelor', miaka mitatu, kwa Kiingereza, ada yuro 8,500 kwa mwaka. Barua ya kukubaliwa imekuja ndani ya siku nne. Wanataka nitangulize yuro 3,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Kifaransa changu ni cha salamu tu. Nilipe? Na mama anauliza kama huko nitalazimika kuvua hijabu."

Marahaba, mdogo wangu. Usilipe. Sisemi shule hiyo ni ya matapeli, maana hukuitaja na mimi siijui. Nasema bado hujajua unanunua nini, na asiyejua anachonunua hatangulizi pesa. Nitakueleza mfumo wenyewe ulivyokaa, halafu utaona hiyo barua ya siku nne inaangukia wapi. Swali la mama naliweka mwisho kwa sababu jibu lake lina kona moja ambayo hata wanaoishi Ufaransa huisahau.

Mjomba hakudanganya, ila habari zake zimelala. Enzi zake mgeni aliyeingia chuo kikuu cha serikali alilipa ada ileile aliyolipa Mfaransa, na mpaka leo Mfaransa halipi hata yuro 200 kwa mwaka wa shahada ya kwanza. Novemba 2018 waziri mkuu wa wakati huo, Édouard Philippe, alitangaza mpango ulioitwa Bienvenue en France, yaani Karibu Ufaransa. Ukaribisho wenyewe ulikuwa huu: kuanzia 2019, mwanafunzi mpya kutoka nje ya Umoja wa Ulaya alipe yuro 2,770 kwa mwaka wa shahada ya kwanza, na 3,770 kwa mwaka wa shahada ya uzamili. Wanafunzi walikwenda mahakamani. Oktoba 2019 Baraza la Katiba likatamka kwamba elimu ya bure iliyomo kwenye katiba inahusu vyuo vya serikali pia, isipokuwa ada ya kiasi, inayoangalia uwezo wa mwanafunzi, inaruhusiwa. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya mambo ya utawala ikaona ada mpya hazikuvunja sheria. Basi zimebaki, na zimeshapandishwa kidogo. Wewe piga hesabu ya 3,000 na 4,000. Udaktari wa PhD (si wa hospitali) tu ndio uliachwa nje: hapo mgeni na mwenyeji wanalipa sawa, kama yuro 400.

Hata hivyo kila chuo kina ruhusa ya kuwasamehe baadhi ya wageni ile nyongeza, wakalipa kama Wafaransa. Vipo vilivyosamehe wengi, vipo visivyosamehe mtu. Neno lao ni exonération. Mwandikie ofisa wa mahusiano ya kimataifa wa chuo unachokitaka, muulize kama wanaitoa na kwa vigezo gani, kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi. Usilichukue kutoka kwenye kundi la WhatsApp, kwa sababu jibu la mwaka juzi si la mwaka huu.

Sasa linganisha. Miaka mitatu ya shule ya wakala ni yuro 25,500. Miaka mitatu ya chuo cha serikali, bila msamaha wowote, ni kama 9,000. Kwa nini basi watu wanakwenda kwa wakala? Kwa sababu chuo cha serikali kinadai Kifaransa, kinachukua miezi kujibu, na hakina wakala Tanga. Kila kinachokukwaza kwenye njia ya serikali ndicho shule za binafsi za kutafuta faida zinachokuuzia kwa bei.

Ili uelewe kwa nini mfumo uko hivi, kuna historia fupi ambayo haipo kwenye vipeperushi. Sisi tumezoea kwamba kilele cha elimu ni chuo kikuu. Ufaransa si hivyo. Mwaka 1793, katikati ya mapinduzi, vyuo vikuu vya kale vilifutwa kwa kuonekana ni mali ya kanisa na ya mabwana. Dola lakini lilihitaji wahandisi na walimu, na mwaka 1794 likaanzisha shule za kazi hiyo: École polytechnique, na École normale. Vyuo vikuu vilirudishwa rasmi kwa sheria ya 1896, zaidi ya miaka mia baadaye. Katika karne hiyo nzima watoto wa wakubwa walikuwa wameshazoea kupita kwenye shule, na shule hizo, zinazoitwa grandes écoles, zikaota mizizi. Hadi leo mkurugenzi wa kampuni kubwa au mwanasiasa wa Paris ukimchimba utakuta alisoma mahali ambapo jina lake halina neno "université" kabisa.

Wenye zile shule za binafsi za kutafuta faida wanalijua hilo fika. Neno "école" mbele ya jina lao linawapa kivuli cha Polytechnique au cha HEC, shule maarufu ya kufundisha biashara iliyoanza 1881, hata kama wao walifungua juzi kwenye ghorofa la ofisi. École ni shule tu. Haina maana zaidi ya hiyo.

Sasa njia zenyewe. Kila kitu kinahesabiwa kutoka kwenye bac, mtihani wa mwisho wa sekondari ulioanzishwa na Napoleon mwaka 1808. Ukikutana na Mfaransa kwenye mambo ya kazi atakuuliza "bac plus ngapi?", akimaanisha miaka uliyosoma baada ya hapo. Cheti chako cha kidato cha sita kinakaa mahali pa bac, kwa sababu nyumbani kinakufungulia mlango wa chuo kikuu. Hilo ndilo sharti wanalolitazama.

Njia ya chuo kikuu ni rahisi kuielewa. Kuna licence ya miaka mitatu, ambayo Wakongomani na Warundi tangu zamani wanaiita lisansi, na mimi nitawafuata. Juu yake masta ya miaka miwili, kisha udaktari ambao kwenye karatasi ni miaka mitatu. Kila mwaka una alama za mzigo wa masomo 60, kwa hiyo lisansi ni 180 na masta 120, na alama hizo zinatambuliwa Ulaya nzima. Kwa wewe wa EGM, kozi unayotafuta inaitwa Économie et gestion, na vyuo vingi vya mikoani wanayo. Usiing'ang'anie Paris. Jean Tirole, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2014, ni mtu wa Toulouse. Clermont-Ferrand, mji ambao hata jina lake hujalisikia, kuna CERDI, kituo cha uchumi wa maendeleo kilichoanza 1976, ambacho kazi yake ni kuchunguza uchumi wa nchi kama yetu. Kodi ya chumba Clermont na kodi ya chumba Paris ni kama Korogwe na Masaki.

Njia ya grandes écoles hupitia madarasa ya maandalizi, prépa, miaka miwili ya kusoma usiku na mchana ndani ya shule ya sekondari, halafu mtihani wa ushindani. Kwa mtu anayetoka kwetu bila Kifaransa, hiyo iache. Ila ujue kwamba shule hizo zina dirisha la pembeni: huchukua pia watu wenye shahada ya kwanza kutoka nje, kwa faili na mahojiano, na kozi zao nyingi za ngazi ya masta ni za Kiingereza. Za uhandisi za serikali ada zake zinavumilika. Zinazofundisha biashara ni makumi ya maelfu ya yuro.

Iko pia njia fupi ya ufundi. BTS ni miaka miwili. BUT ni miaka mitatu, na ilichukua nafasi ya stashahada ya zamani ya miaka miwili mwaka 2021. Zote zina mazoezi ya kazini, madarasa madogo, na mwalimu anayekujua jina. Wageni huzidharau kwa sababu hazina sauti ya "chuo kikuu", na mimi naona wanakosea: BUT hufundishwa ndani ya taasisi za vyuo vikuu vya serikali, na aliyeimaliza anahesabiwa bac+3 kama mwenye lisansi.

Tuje kwenye lile neno "Bachelor" la barua yako, maana hapa ndipo pesa za wazazi zinapozama. Kwa sheria ya Ufaransa, licence, master na doctorat ni majina ya dola. Shule ya binafsi hairuhusiwi kuyabandika kwenye cheti inavyotaka, wala hairuhusiwi kujiita université. "Bachelor" likitumika peke yake halina ulinzi huo. Wapo wanaolitumia kwa haki: BUT yenyewe kirefu chake kinaanza na Bachelor, na zipo shule za binafsi ambazo Bachelor yao imekaguliwa na wizara ikapewa kile wanachokiita grade de licence, au angalau visa, yaani kibali cha wizara juu ya diploma. Wapo pia waliolichapa tu. Ukipanda juu mchezo ni uleule: master ni jina la dola, lakini weka alama juu ya e na uongeze herufi moja mwishoni, ikawa mastère, na umeshatoka nje ya ulinzi. Nimewahi kuona mtu amelipa miaka miwili akiamini zile ni tahajia mbili za neno moja.

Basi wakala akikuambia "inatambuliwa na serikali", muulize inatambuliwa kwa lipi. Majibu yanayotolewa hayana uzito sawa. "Tumesajiliwa" maana yake waliarifu mamlaka kwamba wamefungua mlango, basi. "Tuna Qualiopi" ni cheti cha jinsi wanavyoendesha mafunzo, hakisemi neno juu ya diploma. "Tuna cheo cha RNCP ngazi ya 6" ni kitu cha kweli: kuna daftari la kitaifa la sifa za kazi, ngazi ya 6 inalingana na bac+3 na ya 7 na bac+5, na unaweza kulitafuta jina la kozi humo kwenye tovuti ya France compétences, bure, dakika tano. Lakini cheo hicho kinamwambia mwajiri kwamba unaijua kazi fulani. Hakimlazimishi chuo kikuu kukupokea masta. Na utakaporudi nyumbani, TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, ndiyo itakayokitathmini cheti chako kabla hakijakubalika kwenye ajira ya serikali au masomo ya juu, na mazungumzo ya cheti cha shule isiyojulikana huwa marefu.

Kwa hiyo muandikie wakala mambo matatu kabla ya kutoa hata senti: jina kamili la diploma kama litakavyochapwa kwenye cheti, namba yake ya RNCP au tangazo la wizara linaloitaja, na ukurasa wa mkataba unaosema nini kinatokea kwa zile yuro 3,000 ukinyimwa viza. Hilo la tatu ndilo linalonifanya nikuandikie kwa haraka. Barua ya kukubaliwa si viza. Ubalozi unaangalia kama safari yako ya masomo ina mantiki, na mtu wa EGM asiye na Kifaransa, aliyekubaliwa kwa siku nne kwenye shule ya aina hiyo, anaweza kunyimwa. Halafu kama amekuahidi kwamba utafanya alternance, nusu darasani nusu kazini, kampuni ikalipa ada, jua kwamba mwenye viza ya mwanafunzi kwa kawaida haingii kwenye mkataba huo mpaka amalize mwaka mmoja wa masomo akiwa Ufaransa. Mwaka wa kwanza utalipa wewe.

Njia ya serikali inakwendaje? Kwa mwaka wa kwanza wa lisansi, asiye raia wa Ulaya na asiye na bac huomba kwa utaratibu unaoitwa DAP, ombi la awali la kudahiliwa. Dirisha hufunguliwa 1 Oktoba na kufungwa 15 Desemba, kwa masomo yanayoanza Septemba ya mwaka unaofuata. Soma tena hiyo sentensi, maana vijana wetu husubiri mpaka Machi wakidhani bado mapema. Unachagua hadi vyuo vitatu. Kama nchi unayoishi imo kwenye jukwaa la Études en France, kila kitu kinapita humo, pamoja na mahojiano. Wenzetu wa Kongo, Burundi na Komoro wanalifahamu vizuri. Kama haimo, faili hupitia ubalozi wa Ufaransa. Orodha ya nchi huongezwa mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya Campus France, shirika la serikali yao linaloshughulikia wanafunzi wa kigeni. Majibu ya vyuo huja taratibu hadi karibu na Mei. Hakuna siku nne.

Kwenye faili, alama zako za NECTA zinaangaliwa, lakini barua ya maelezo inaangaliwa kwa jicho kali kuliko unavyodhani. Wafaransa wana neno projet, na wanalipenda kama sisi tunavyopenda heshima. Wanataka kuona uzi mmoja: ulisoma hiki, kwa hiyo unataka kile, kozi hii na si ile jirani yake, na baadaye utakwenda kufanya jambo fulani linaloeleweka. Ukiandika kwamba Ufaransa ni nchi nzuri yenye utamaduni mkubwa umeshapoteza aya. Ukiandika kwamba umekulia Tanga, umeona reli na bandari, na unataka kuelewa uchumi wa usafirishaji, na kwamba mwaka wa pili wa kozi yao una somo linalogusa hapo, msomaji wa faili ataamka kitini. Kama kuna mwaka ulikaa nyumbani, utaje na useme ulifanya nini. Pengo lisiloelezwa linawasumbua kuliko alama ya chini.

Halafu Kifaransa. Kiwango cha kawaida cha kuingia lisansi ni B2, kwa mtihani wa TCF au cheti cha DELF. Kutoka salamu mpaka B2 hesabu kama saa 600 za kusoma. Ukisoma saa sita kwa wiki, ni karibu miaka miwili. Ukikaa Alliance Française ya Dar es Salaam au Arusha asubuhi na mchana, unaweza kufupisha sana. Na B2 yenyewe ni ya kuingilia tu. Kwenye ukumbi wa mhadhara mwalimu haongei kama kaseti ya darasa la lugha.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ningekuwa wewe ningefanya hivi. Una daraja la pili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Mzumbe watakupokea, na bodi ya mikopo ipo. Soma uchumi hapa miaka mitatu, na kila wiki Kifaransa, bila kukosa. Halafu omba masta Ufaransa. Wakati huo utakuwa na vitu ambavyo sasa huna: shahada, lugha, umri, na uwezo wa kushindania ufadhili. Ufadhili wa Eiffel, unaotolewa na wizara ya mambo ya nje ya Ufaransa tangu 1999, unaanzia ngazi ya masta, na mwombaji haombi mwenyewe: chuo kilichokukubali ndicho kinachopeleka jina lako, na hilo hufungwa mapema Januari, kwa hiyo unaanza kuwaandikia watu wa chuo Septemba au Oktoba. Yeyote atakayekuuzia fomu ya Eiffel anakuibia. Ngazi ya udaktari ni bora zaidi, kwa kuwa mwenye mkataba wa udaktari analipwa mshahara kama mfanyakazi, zaidi ya yuro 2,000 kwa mwezi kabla ya makato. Kozi za Kiingereza nazo zinajaa kwenye masta. Kwenye lisansi za serikali utazitafuta kwa tochi.

Najua hukutaka kusikia "subiri miaka mitatu". Kama moyo umeshasafiri, kuna njia ya kati: mwaka mmoja wa Kifaransa kwa nguvu zote, DAP mwezi wa Oktoba, lisansi Septemba inayofuata. Inawezekana, wapo waliofanya. Lakini ingia ukijua kwamba mwaka wa kwanza wa lisansi unachinja. Chuo huko kinapokea watu wengi, hakiwabembelezi, na karibu nusu tu ndio huvuka moja kwa moja kwenda mwaka wa pili, wakiwemo Wafaransa wenyewe waliozaliwa na lugha hiyo.

Kwa nini wanaanguka? Kwa sababu hakuna anayekuita. Mhadhara mkuu, cours magistral, una mamia ya watu ukumbini, hakuna anayehesabu vichwa. Kisha kuna vikundi vidogo vya mazoezi, TD, ambako mahudhurio yanaandikwa na alama nyingi zinapatikana. Wageni huhudhuria mihadhara kwa uaminifu na kuchelewa TD, wakati ilipaswa kuwa kinyume. Alama ni juu ya 20. Kufaulu ni 10. Ukipata 12 unapigia simu nyumbani, ukipata 14 unakuwa gumzo, 16 ni très bien, na 20 ni ya Mungu. Usije ukaona 13 ukadhani ni asilimia 65 ya kwetu. Ukirudi na transkripti, ambatanisha maelezo ya daraja lake. Masomo pia yanabebana: ukipata 8 ya takwimu na 13 ya uchumi mdogo, wastani unaweza kukuvusha. Ukishindwa, kwa kawaida kuna duru ya pili, ile tunayoiita sapu.

Kitu kilichonitoa jasho mimi ni insha. Ya kwanza niliijaza kurasa nane, kila nilichokijua kuhusu mada nilikimwaga pale. Nikapata 6. Mwalimu alikuwa ameandika neno moja pembeni: "Plan?" Nilidhani hakusoma. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwao insha haipimi umejaza kiasi gani. Inapima kama umepata swali lililojificha ndani ya mada, na kama umeligawa katika sehemu mbili au tatu zinazojibizana. Aliyeandika kurasa tatu zenye mpangilio anamshinda aliyeandika nane zenye maarifa. Anza kufanya mazoezi ya hilo ukiwa Tanga, hata kwa Kiswahili.

Pesa za kuishi nitazipitia kwa haraka. Kwa viza wanataka kuona angalau yuro 615 kwa kila mwezi, karibu 7,400 kwa mwaka, mbali na ada, na wanataka kuziona kabla hujaondoka, si ahadi kwamba utafanya kazi. Kazi inaruhusiwa saa 964 kwa mwaka, kama 18 kwa wiki. Hosteli za serikali ni za CROUS, za bei nafuu, nafasi chache, na wenye ufadhili wa serikali hutangulizwa. Ukipanga mtaani mwenye nyumba atataka mdhamini aliyeko Ufaransa. Usimwombe mtu usiyemjua, tumia Visale, dhamana ya bure inayokubali wanafunzi wa kigeni. Msaada wa kodi ya nyumba wa CAF, mfuko wao wa misaada ya familia, usiuweke kwenye bajeti yako hata kama kila mtu anausifia, maana sheria zake kwa wageni zinabishaniwa sana. Mkahawa wa chuo unakupa mlo kamili kwa bei isiyozidi yuro 3.30. Bima ya afya ya taifa utajiandikisha bure baada ya kufika. Na viza yako ya muda mrefu lazima uithibitishe mtandaoni ndani ya miezi mitatu tangu uingie; ukiisahau hiyo, umejiharibia ukaaji wako kwa uzembe wa dakika kumi. Ukimaliza masta unaweza kuomba kibali cha miezi 12 cha kutafuta kazi.

Jambo dogo la pembeni: ukiangukia Paris, nenda INALCO, taasisi ya lugha ambako Kiswahili kinafundishwa. Wanafunzi wa pale wanatafuta mtu wa kuongea naye kama wewe utakavyokuwa unatafuta mtu wa Kifaransa. Mnabadilishana saa kwa saa, bila malipo.

Sasa mama. Sheria ya 15 Machi 2004 inakataza alama za dini zinazoonekana wazi, hijabu ikiwemo, kwenye shule za serikali za msingi na sekondari. Vyuo vikuu haviguswi na sheria hiyo. Mwanafunzi wa chuo kikuu anavaa hijabu yake mhadharani, maktaba, kwenye mtihani, ila ataombwa aonyeshe uso na pengine masikio ili kumtambua na kuzuia vifaa vya kuibia mtihani. Kufunika uso mzima ndiko kulikokatazwa, na hilo ni mahali popote pa umma. Ile kona niliyokuambia ni hii: BTS na prépa, ingawa ni masomo ya baada ya bac, kwa sehemu kubwa hufundishwa ndani ya shule za sekondari, na kwenye zile za serikali sheria ya 2004 inawahusu wanafunzi wote, hata wa miaka 20. BUT iko chuo kikuu, haihusiki. Shule za binafsi zina kanuni zao wenyewe, kwa hiyo hata hiyo ya wakala muulize kanuni zake za ndani zinasemaje, kwa maandishi, kwenye barua pepe ileile ya yale mambo matatu.

Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie kwamba ikifika Januari huko hata wasiovaa wanajitanda mpaka puani.